Usingizi wa Mang'amung'amu: Simu Inayochajiwa Usiku na Mkazi wa Nairobi

Utangulizi

Kiswahili hakimhesabu kila aliyefumba macho kuwa amelala. Yuko aliyelala fofofo. Yuko aliyelala kama pono, yule samaki ambaye watu wa pwani wamemfanya mfano wa usingizi usioshtuka. Yuko anayesinzia kitini huku kichwa kikimwanguka. Yuko aliyepambazukiwa bila kupata hata lepe la usingizi. Kati ya hao wote yuko mwenye usingizi wa mang'amung'amu, yaani yule ambaye hakulala wala hakukesha. Asubuhi akiulizwa alilalaje hujibu kwamba alilala, ingawa mwili wake unamkanusha.

Makala haya yanadhamiria kueleza namna simu janja inayoachwa kwenye umeme usiku kucha inavyomnyang'anya mkazi wa Nairobi usingizi wa pono na kumwachia wa mang'amung'amu. Mazingira yanayoangaziwa ni katikati ya jiji pamoja na mitaa ya magharibi kama vile Kawangware, Kangemi, Kilimani, Lavington na Westlands. Hoja kuu ni kwamba mwanga na mlio wa simu ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Kinachomkesha mtu hasa ni kazi ambazo simu imekabidhiwa. Ndiyo maana ushauri wa kuizima, ingawa ni mzuri, haufuatwi na wengi.

Simu na waya wake

Neno simu lina asili ya Kiajemi, na katika lugha hiyo lilihusu waya. Kwa miaka mingi jina hilo lilisadifu kitu chenyewe, kwa kuwa hapakuwa na simu isiyokuwa na waya, iwe ya maandishi au ya sauti. Ilipoingia simu ya mkononi, ambayo baadhi ya waandishi wa Kenya huiita rununu na wengine simutamba, jina lilibaki ilhali waya ukatoweka. Sifa kubwa ya chombo hicho ilikuwa kutofungwa mahali pamoja.

Hata hivyo, kila usiku simu hurudi kwenye waya. Waya wa chaja kwa kawaida ni wa mita moja hivi, na urefu huo ndio unaoamua simu italala wapi. Katika chumba kimoja cha kupanga kule Kawangware, ambamo kitanda, jiko na meza vimebanana, soketi huwa moja na haiko mbali na kitanda. Katika nyumba za ghorofa za Kilimani na Lavington vyumba ni vingi na soketi ni nyingi, lakini fundi aliyezitia mara nyingi aliweka moja ubavuni mwa kitanda, na hiyo ndiyo inayopendwa. Tajiri na maskini wametenganishwa na mengi, ila katika jambo hili wamekutana: wote wawili hulala kichwa kikiwa hatua moja kutoka kwenye chaja.

Tabia hii haikuwapo tangu mwanzo. Simu ndogo zilizoenea nchini katika miaka ya 2000 zilikuwa na kioo kidogo na kazi chache, hivyo betri yake ilidumu siku kadhaa. Hata wakati huo palikuwa na dalili za mambo yajayo. Mwaka wa 2007 kampuni ya Nokia ilitangaza kwamba baadhi ya simu zake, ikiwemo Nokia 1200, zingemwarifu mtumiaji achomoe chaja betri ikishajaa, kwa nia ya kuokoa umeme. Nia ilikuwa njema, lakini arifa ya namna hiyo ikija wakati mtu amelala huwa ni mgeni anayebisha hodi usiku kutoa habari isiyokuwa na haraka. Mwaka wa 2011 simu ya Huawei IDEOS iliuzwa Kenya kwa takribani shilingi elfu nane, na simu janja ikaanza kuwafikia watu wa kipato cha kadiri. Kioo kikapanuka, mtandao ukawa wazi muda wote, na betri ikawa haimalizi siku mbili. Kuchaji kukawa ibada ya kila usiku.

Kwa nini iwe usiku?

Ni rahisi kumlaumu mtumiaji kwamba ameshindwa kujitawala. Lawama hiyo haimtendei haki. Zipo sababu zisizopungua nne zinazoifanya simu ichajiwe usiku, tena karibu na kitanda.

Sababu ya kwanza ni ratiba ya mchana. Muuzaji wa vifaa vya umeme katika barabara ya Luthuli, mwendeshaji bodaboda wa Kangemi na mwanafunzi anayehudhuria mihadhara katikati ya jiji wote huitumia simu kuanzia asubuhi hadi jioni. Saa ambayo simu haina kazi ni ile ambayo mwenyewe amelala.

Sababu ya pili ni fedha. Tangu tarehe 6 Machi 2007, huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa, simu ya Mkenya imekuwa mkoba wake. Nauli ya matatu hulipwa kwayo, na vilevile maziwa, kodi ya nyumba na karo. Mtu anayeamka na simu isiyokuwa na chaji ni kama aliyeamka bila senti. Zaidi ya hayo, nyumba nyingi hutumia mita za umeme wa kulipia kabla. Umeme ukiisha usiku, mwenye nyumba hununua tokeni kwa simu, kisha huziingiza tarakimu zake ishirini kwenye mita gizani. Hivyo simu huhitaji umeme, na umeme nao huihitaji simu.

Sababu ya tatu ni saa. Nairobi iko karibu na ikweta, na jua lake huchomoza mwendo wa saa kumi na mbili unusu mwaka mzima. Anayetaka kuutangulia msongamano wa magari katika barabara ya Ngong au Waiyaki Way huamka kabla ya jogoo kumaliza kazi yake, mara nyingi saa kumi na nusu au kumi na moja. Anayemwamsha ni simu. Ikizimika usiku kwa kukosa chaji, siku nzima imeharibika.

Sababu ya nne ni nzito kuliko zote, nayo ni khofu ya habari. Katika jamii za Kenya simu inayolia saa nane usiku haichukuliwi kuwa ya mzaha. Huenda mzazi aliyeko mashambani ameugua, au jamaa amefikwa na msiba. Wapo pia ndugu walioko ughaibuni. Saa tisa usiku jijini Nairobi, mtu aliyeko Minnesota huwa ndiyo kwanza ametoka kazini jioni. Aidha, mji ulioshuhudia shambulio la Westgate mnamo Septemba 2013 na lile la Riverside mnamo Januari 2019 unajua thamani ya ujumbe mfupi unaosema "niko salama". Kumwambia mtu wa mji huo azime simu ni kumwambia afunge mlango ambao huenda mwanawe akaubisha.

Namna simu inavyomwamsha aliyelala

Baada ya kueleza kwa nini simu iko kitandani, yafaa kueleza inavyofanya kazi ikiwa huko. Chaja hupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani na kuupunguza, kwa chaja za kawaida, hadi volti 5. Betri ya simu ni ya lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1991 na kampuni ya Sony, na ambayo wanasayansi John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walituzwa Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka wa 2019 kwa kazi yao ya kuibuni. Simu nyingi hujaa kwa muda wa saa moja hadi tatu. Kwa hiyo simu iliyochomekwa saa nne usiku huwa imejaa kabla ya saa saba. Saa zilizobaki hadi alfajiri haina haja ya waya.

Simu nyingi hutengenezwa kwa namna ambayo kila umeme unapoingia kioo huwaka, na mlio au mtetemo husikika. Mchana hilo ni jambo jema kwa sababu humwonyesha mtumiaji kwamba chaja inafanya kazi. Usiku huwa balaa kila umeme unapokatika na kurudi. Mwaka wa 2023 umeme ulikatika karibu nchi nzima mara tatu, yaani tarehe 25 Agosti, 11 Novemba na 10 Desemba. Umeme uliporejea mtaani usiku, simu zilizoachwa kwenye soketi zilikuwa tayari kuitikia. Katika chumba chenye watu wanne na simu nne kwenye waya mmoja wa nyongeza, umeme ukirudi huamkia watu wote. Kukatika kudogo kwa dakika chache, ambako hakutangazwi magazetini, kuna athari iyo hiyo.

Soketi iliyolegea nayo ina vituko vyake. Plagi inapocheza, umeme huingia na kutoka, na simu huwaka na kuzimika kama kimulimuli. Chaja bandia huongeza jingine. Kwa kuwa haichuji umeme vizuri, huweza kukivuruga kioo cha mguso, simu ikajifungua na kujiandikia kana kwamba imeshikwa na mkono usioonekana. Wengi hudhani simu imeharibika au imeingiliwa na wezi wa mtandao, kumbe chanzo ni chaja. Baadhi ya chaja duni pia hutoa sauti nyembamba kama ya mbu, ambayo mchana haisikiki lakini katika utulivu wa usiku hupenya sikioni.

Kinachotokea mwilini

Usingizi si shimo moja ambalo mtu hutumbukia usiku na kuopolewa asubuhi. Ni mfululizo wa mizunguko, kila mmoja ukichukua dakika 90 hivi. Ndani ya kila mzunguko mna usingizi mwepesi, usingizi mzito na usingizi wa ndoto, ambao uligunduliwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliochapisha matokeo yao mwaka wa 1953. Usingizi mzito huwa mwingi nusu ya kwanza ya usiku, na wa ndoto huwa mwingi kuelekea alfajiri. Mlio mdogo unaweza kumtoa mtu katika usingizi mzito na kumrudisha katika mwepesi bila yeye kuamka kabisa, na asubuhi hakumbuki kitu. Huo ndio usingizi wa mang'amung'amu, ambao wasemaji wa Kiswahili waliupa jina bila kuwa na mashine ya kupimia ubongo.

Kuhusu mwanga, ni muhimu kusema ukweli bila kutia chumvi. Ndani ya jicho zipo chembe ambazo kazi yake si kuona, bali ni kuuarifu ubongo kama ni mchana au usiku. Mwaka wa 2002 David Berson na wenzake walionyesha namna chembe hizo zinavyoitikia mwanga zenyewe, nazo huathiriwa zaidi na mwanga wa samawati, ambao vioo vya simu huutoa kwa wingi. Zikipata mwanga huo, ubongo hupunguza homoni ya melatonini ambayo huuandaa mwili kulala. Utafiti uliofanywa Boston na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka wa 2014 uliwalinganisha watu 12 waliosoma kwenye kifaa chenye mwanga kabla ya kulala na hao hao waliposoma kitabu cha karatasi. Waliposoma kwenye kifaa walichelewa kusinzia na asubuhi walikuwa wazito zaidi.

Lakini watu hao walisoma kwa saa kadhaa. Mmweko wa sekunde chache wa simu inayochajiwa hauwezi kulinganishwa na hayo. Madhara yake makubwa huja kwa njia nyingine: kioo kikiwaka, mkono hunyooshwa. Aliyeamka hutaka kujua ni saa ngapi. Akishaona saa huona pia ujumbe, akiona ujumbe huufungua, na akiufungua hukumbuka deni, kazi au ugomvi. Nusu saa baadaye angali macho, uso umemulikwa, moyo unamwenda mbio. Wahenga walisema usiku wa deni haukawii kucha. Usiku wa mwenye simu mkononi nao hucha kabla hajalala. Simu ilimwamsha kwa sekunde mbili. Saa iliyopotea ilipotezwa na yale yaliyomo ndani yake.

Hatari iliyo chini ya mto

Wapo wanaoificha simu chini ya mto ili mwanga na mlio visisikike, au kwa kuchelea wezi. Hili ni kosa kubwa zaidi. Betri inapochajiwa hutoa joto, na joto hilo lazima lipate pa kutokea. Mto na blanketi hulizuia. Betri ya lithiamu ikipata joto la kupita kiasi, au ikiwa na kasoro, huweza kushika moto. Mwaka wa 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kuziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 kwa sababu ya betri zilizowaka. Ikiwa hilo liliweza kuzipata simu za bei kubwa, anayetumia chaja isiyojulikana ilikotoka ana sababu ya kujihadhari, hasa katika nyumba za mabati na mbao zilizobanana, ambamo moto wa chumba kimoja huwa moto wa ploti nzima.

Serikali ya Kenya ilizizima simu bandia kwenye mitandao kuanzia tarehe 30 Septemba 2012. Chaja bandia, kwa kuwa haina namba inayotambulika mtandaoni, haiwezi kuzimwa kwa njia hiyo. Mlinzi wa nyumba dhidi yake ni mnunuzi mwenyewe.

Njia za kujinasua

Suluhisho lifaalo ni lile linaloheshimu sababu nne zilizotajwa. Ushauri unaomtaka mtu asahau fedha zake, saa yake na wazazi wake hauna maana.

Kwanza, simu ichajiwe jioni badala ya usiku. Muda wa kupika, kula na kutazama taarifa ya habari, yaani kati ya saa moja na saa nne, unatosha kuijaza. Kuiacha ikiwa imejaa pomoja kwenye joto usiku kucha huizeesha betri mapema. Watengenezaji wenyewe wanalijua hilo. Tangu mwaka wa 2019, kwa mfano, simu za iPhone zimewekewa uwezo wa kuichelewesha sehemu ya mwisho ya chaji hadi karibu na wakati wa kuamka.

Pili, itumike swichi. Soketi za Kenya, zenye matundu matatu ya mraba, kwa kawaida huwa na swichi yake. Mtu akiizima kabla ya kulala, umeme unaweza kukatika na kurudi mara kumi bila simu kuitikia. Njia hii haigharimu chochote, na humfaa mpangaji wa Kawangware sawasawa na mwenye nyumba wa Lavington.

Tatu, simu janja nyingi zina mpangilio wa kutosumbuliwa, ambao hunyamazisha kila kitu isipokuwa namba zilizochaguliwa. Aghalabu mpangilio huo huweza pia kumruhusu anayepiga mara ya pili katika muda mfupi. Matangazo ya biashara na gumzo za makundi hunyamaza, lakini mama akipiga, simu hulia. Mlango hufungwa bila kumfungia nje mwenye haki ya kubisha.

Nne, simu ilazwe kifudifudi juu ya kitu kigumu, mahali ambapo lazima mtu asimame ili kuifikia. Hatua tatu zinatosha. Mlio wa kuamkia husikika, ila mkono uliolala haufiki. Anayeweza kununua saa ya mezani atakuwa ameipunguzia simu kazi moja kati ya nyingi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usumbufu wa simu inayochajiwa usiku una vyanzo vitatu vinavyoshikamana: umeme usiotulia, kifaa kinachoitikia kila umeme unaporudi, na maisha ya jiji yaliyomfanya mtu aogope kuwa mbali na kifaa hicho. Cha kwanza kiko nje ya uwezo wa mtu mmoja. Cha pili kinatibika kwa swichi. Cha tatu kinahitaji kila mmoja ajiulize ni nani hasa anayestahili kumwamsha usiku. Orodha hiyo ikiandikwa kwa uaminifu huwa fupi sana, pengine majina manne au matano. Hao waachiwe njia. Wengine wote, pamoja na matangazo yao, wanaweza kusubiri hadi kuche.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Simu imepewa majembe mengi kuliko mgeni yeyote aliyewahi kuingia katika nyumba za Nairobi, nayo hulima mchana kutwa. Usiku ipumzike, na mwenyewe alale kama pono.